Prado 120 ya njia za Serengeti na Natron: uzito kwanza, kimo baadaye

Swali: Nina Prado 120 ya milango mitano, dizeli, ya mwaka 2005. Ni gari la familia ya watu watano hapa Arusha, lakini mara nne au tano kwa mwaka tunakwenda Serengeti kupitia Ngorongoro, au Ziwa Natron kupitia Mto wa Mbu. Juu kuna keria ya chuma, na nina mpango wa kufunga ngao ya chuma yenye winchi. Nyuma gari limekaa, na tukiingia kwenye barabara ya mawimbi, yaani ya vumbi yenye vituta vidogo vilivyofuatana, huwa linatulia mwanzoni, kisha baada ya nusu saa usukani unaanza kucheza. Fundi mmoja ananishauri niweke spesa, yaani vipande vya chuma vya kuongezea kimo, gari lipande inchi tatu, nivalishe matairi makubwa. Rafiki yangu anasema springi niziache, ninunue tu shokapu ngumu kuliko zote. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu msomaji, wote wawili wamekujibu kabla ya kujua gari lako lina kilo ngapi, na hapo ndipo walipokosea. Umetaja dalili mbili, na kila moja ina chanzo chake. Nyuma kukaa ni ugonjwa wa springi. Usukani kutulia mwanzoni kisha kuanza kucheza ni ugonjwa wa shokapu: zimepata moto, mafuta ndani yake yamekuwa mepesi, na haziwezi tena kulizuia gurudumu lisirukeruke. Springi ndizo zinazobeba gari. Kazi ya shokapu ni kutuliza kunesa kwa springi. Shokapu ngumu haitainua nyuma iliyokaa, na spesa haiponyi shokapu iliyochoka.

Jibu langu ni hili, kisha nitakueleza sababu: pandisha gari milimita 40 hadi 50, usizidishe, kwa springi zilizochaguliwa kwa uzito halisi na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili ya springi hizo. Matairi yabaki 265/65R17 au yapande hadi 265/70R17. Inchi tatu za spesa achana nazo kabisa.

Nenda mizani

Kabla ya mizani, lala chini uchungulie nyuma. Baadhi ya Prado 120 za daraja la juu zilizotoka Japani zina mifuko ya hewa nyuma badala ya springi za koili, na shokapu zake zina waya kwa sababu ugumu wake hurekebishwa kwa swichi iliyoko ndani. Kama lako ni la namna hiyo na nyuma limekaa, huenda mfuko unavuja tu. Unaweza kuhamia kwenye koili, na seti za kuhamia zipo, lakini utahitaji pia vikalio vya springi, na fundi umeme azime mfumo wa hewa, la sivyo taa ya onyo itakaa inawaka. Mwambie muuzaji mapema, maana seti ya koili ya kawaida haitakaa mahali pake bila vikalio hivyo. Kuanzia hapa nachukulia kuwa una koili.

Mizani ya wanunuzi wa mazao au ya wauza chuma chakavu inatosha. Pima mara mbili kwa siku tofauti: gari likiwa katika hali ya siku za kazi, na likiwa limepakiwa kwa safari, tangi limejaa na watu wote wamo ndani. Kila mara panda kwanza kwa magurudumu ya mbele pekee, soma, kisha panda gari zima, soma tena. Tofauti ndiyo uzito wa nyuma. Hakikisha sakafu ya mizani na ardhi inayoizunguka viko usawa mmoja, kwani mteremko mdogo tu unahamisha kilo nyingi kutoka ekseli moja kwenda nyingine.

Linganisha jumla na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Springi nzito haziongezi kiwango hicho. Breki, bearingi, ekseli na chesisi vinabaki vilevile, na gari lililozidi uzito linabaki limezidi hata likionekana limesimama vizuri.

Kitu ambacho wengi hawakihesabu ni mkono wa uzito. Ngao haikai juu ya ekseli, inaning'inia mbele yake. Tuseme ngao na winchi ni kilo 90, na kitovu cha uzito wake kiko milimita 800 mbele ya ekseli ya mbele. Umbali wa kati ya ekseli kwenye Prado yako ni milimita 2,790. Chukua 90, zidisha kwa 3,590, gawanya kwa 2,790: ekseli ya mbele inaongezewa kilo 116, wakati ya nyuma inapunguziwa kilo 26. Nyuma ni vivyo hivyo. Dumu la chuma la lita 20 likijaa dizeli lina kilo 21 hivi. Mawili yakining'inia mita moja nyuma ya ekseli, kilo 42 zinakuwa 57 kwa springi za nyuma, na mbele panapungua kilo 15. Mbele pakipungua, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika juu. Maji na mafuta yaweke sakafuni nyuma ya kiti cha katikati, kadiri yanavyoweza kusogea mbele. Keria ibebe hema na magodoro. Kilo zilizoko juu ya paa ndizo zinazolifanya gari liyumbe kwenye kona, na hakuna springi inayozishusha.

Springi: nunua kwa mzigo wa kila siku

Watengenezaji wakubwa wa springi hizi, kama Old Man Emu, Tough Dog na Ironman 4x4, huziuza kwa ngazi za uzito. Mbele kwa kawaida kuna ya gari lisilo na kitu, ya gari lenye ngao, na ya gari lenye ngao na winchi. Nyuma huhesabiwa kwa mzigo wa kudumu: hadi kilo 200 hivi, kati ya 200 na 400, na zaidi ya hapo. Mipaka hutofautiana kidogo, kwa hiyo soma jedwali la mtengenezaji mwenyewe.

Zingatia neno kudumu. Mzigo wa kudumu ni ule usioshuka: keria, droo za chuma, betri ya pili, tangi la ziada. Familia na masanduku yao hawamo, maana Jumatatu hawapo garini. Ukifunga nyuma springi za kilo 400 halafu ukaendesha gari tupu mjini, springi haibonyei ipasavyo. Kwenye mawimbi tairi linarushwa juu na kukosa kugusa ardhi, na mkia unateleza pembeni kwenye kona za vumbi. Watu wengi hulaumu shokapu hapo, kumbe springi ndiyo kubwa mno.

Kwa maelezo yako, nyuma unahitaji ngazi ya chini kabisa iliyo juu ya ile ya kiwandani, ya hadi kilo 200. Kwa siku za safari ongeza mifuko midogo ya hewa inayoingizwa ndani ya koili. Gari likiwa tupu iache na upepo wa PSI 5 hivi, isikae bila hewa ikajikunja na kuchanika; ukipakia, ongeza hadi nyuma irudi kwenye kimo chake, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa kwenye mfuko wenyewe. Adui yake ni jiwe na bomba lake la hewa kusuguana na chesisi, kwa hiyo likague kila unapotoka safari.

Mbele, usinunue springi ya ngao na winchi mpaka ngao iwe imefika. Bila ngao, springi hiyo itainua pua ya gari kupita kiasi na kila shimo litakupiga kifuani. Kama ngao itakuja baada ya miezi sita, fanya kazi ya nyuma sasa na ya mbele siku ileile ya ngao.

Jambo moja dogo lenye thamani: springi nyingi huja na alama mbili, A na B, au kushoto na kulia, moja ikiwa ndefu kidogo. Sababu ni kwamba gari lenyewe halina uzito sawa pande zote. Kuna dereva, betri na tangi. Ndefu huwekwa upande ulio mzito. Fundi akizichanganya, gari litasimama limeinama na utaambiwa springi ni mbovu.

Kwa nini isizidi milimita 50

Mbele, Prado 120 ina mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini, ile ambayo mafundi wengi huiita wishiboni, na shokapu imo ndani ya koili. Shokapu hiyo haikufungwa kwenye gurudumu. Imeshika mkono wa chini, karibu na katikati yake. Ndiyo maana spesa ya milimita 25 juu ya shokapu inapandisha gari takriban milimita 50. Fundi wako wa inchi tatu ataweka chuma cha milimita 38 hivi, na kwa macho kitaonekana kidogo tu.

Madhara yake yako mwishoni mwa mwendo. Kiwandani, urefu wa shokapu ndio unaoamua gurudumu lishuke hadi wapi gari linapoinuka juu ya tuta. Ukiisukuma shokapu chini kwa spesa, gurudumu nalo linashuka zaidi ya lilivyokusudiwa: boljointi ya juu, kile kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika mkono na gurudumu, inafika mwisho wa uwezo wake, mkono wa juu unagonga koili, na sivi jointi, kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu, inazunguka ikiwa imepinda mno. Raba zake zinasuguana, zinapasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia, na baada ya hapo hesabu safari, sivi jointi haina muda. Upande wa pili, gari likibonyea sana, shokapu iliyosogezwa chini inagota ndani kabla mkono haujafika kwenye raba ya kugotea, ile inayopokea pigo mwendo unapokwisha. Kila pigo la namna hiyo linakwenda moja kwa moja kwenye pistoni na kishikio cha juu.

Kuna spesa nyingine inayowekwa ndani, juu ya koili. Hiyo hairefushi shokapu, ila inaifanya isimame karibu na mwisho wa kurefuka kwake. Matokeo ni kishindo cha chuma kila gurudumu linaposhuka kwenye shimo, kwa sababu nafasi ya kushuka imekwisha.

Kwa milimita 40 hadi 50 za springi sahihi na shokapu zenye urefu wake, mikono ya juu ya kiwandani inatosha na alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, inapatikana. Ukivuka hapo unahitaji mikono mipya ya juu yenye boljointi iliyogeuzwa pembe, na bado sivi jointi zitalalamika. Watu hushusha difu ya mbele, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, milimita 25 kwa spesa ili kupunguza pembe hiyo. Kwa kimo ninachokushauri si lazima. Ila ukiona grisi inatokeza kwenye klipu ya raba ya ndani, wiki chache baada ya kupandisha, mwambie fundi aisogeze raba ikae bila kujikunja na kuifunga kwa klipu mpya. Si lazima kununua shafti nzima.

Nyuma hali ni tofauti, na hapa wengi hudanganyika. Ekseli ya nyuma ni ya bomba moja, difu imo ndani yake. Springi hata ziwe ndefu vipi, difu ile haipandi hata milimita moja. Kinachopanda ni bodi. Kitu pekee kinachoinua difu ya nyuma ni tairi. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 803, yaani difu inapanda milimita 13, na spidomita itasoma pungufu kwa asilimia 3 na ushei. Kwa gari lililopanda milimita 40 tairi hilo kwa kawaida linaingia bila kukata kitu, ingawa ujaribu kukata kona usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho na gurudumu moja likiwa juu ya tuta. Ukikimbilia 285/70R17, milimita 831, tairi la mbele litaanza kukwaruza kishikio cha bodi kilicho nyuma yake, gari litakuwa zito kuondoka na breki zitafanya kazi zaidi. Kwa Natron na Serengeti sioni faida yake.

Shokapu na barabara ya mawimbi

Chukua mawimbi yaliyoachana sentimita 70. Kwa kilomita 60 kwa saa gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo kila gurudumu linapigwa mara 24 kwa sekunde. Kwa saa moja ni mapigo karibu 86,000. Kila pigo shokapu huligeuza kuwa joto, na joto hilo lina njia moja tu ya kutoka: ukuta wa bomba lake kwenda hewani. Shokapu nyembamba yenye mafuta kidogo hujaa joto haraka. Mafuta yanakuwa mepesi, hewa inachanganyika nayo, povu linatokea, na pistoni inapita kwenye povu kama kijiko kwenye maji ya sabuni. Hiyo ndiyo nusu saa yako.

Shokapu za mabomba mawili, moja ndani ya jingine, ndizo zilizoenea zaidi. Zenye gesi ya nitrojeni hutoa povu kidogo kuliko za mafuta matupu. Bomba la nje likipigwa na jiwe likabonyea, la ndani linaweza kuendelea kufanya kazi, na hilo ni jambo kubwa kwenye njia zetu. Udhaifu wake ni kwamba joto linatoka polepole, kwani kati ya pistoni na hewa kuna tabaka la mafuta. Aina nyingine ya mabomba mawili hutumia sponji maalumu yenye vinyweleo vilivyofungwa mahali pa gesi. Inastahimili mwendo mrefu wa polepole wenye mzigo, na watengenezaji wa Australia huipenda.

Za bomba moja, kama zile za Bilstein zenye pistoni ya milimita 46, hupoa vizuri zaidi kwa sababu mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja, na gesi yake yenye shinikizo kubwa imetengwa na mafuta kwa pistoni ya pili, hivyo povu ni nadra. Lakini pistoni inatembea kwenye ukuta uleule unaopigwa na mawe. Ukibonyea, shokapu imekufa papo hapo. Zenye kitangi cha pembeni huongeza mafuta na upoaji, nazo zinafaa mashindano na mwendo wa kasi wa muda mrefu. Kwako zingekuwa bomba la ziada la kupigwa mawe na sili nyingi zaidi za kuvuja.

Kwa hiyo, kwa mwendo wako, nyuma ningefunga za mabomba mawili zenye bomba nene na gesi, kwa kuwa nyuma ndiko mawe yanarushwa na matairi ya mbele. Mbele, mabomba mawili au bomba moja zote zinafaa, kwa kuwa koili inaikinga shokapu. Kilicho muhimu kuliko jina ni kwamba mbele na nyuma zitoke kwenye seti moja, iliyopangwa kwa springi ulizonunua.

Rafiki yako anayetaka ngumu kuliko zote anahitaji kujua hili. Shokapu ina kazi mbili: kuzuia kubonyea na kuzuia kurudi. Ngumu mno wakati wa kurudi, kwenye mawimbi springi inabonyezwa na wimbi la kwanza, haijarudi juu wimbi la pili limefika, la tatu linafuata. Gari linajishusha lenyewe taratibu mpaka linatembea juu ya raba za kugotea, huku dereva akidhani barabara imeharibika zaidi. Laini mno kwa springi nzito, gari linanesa mara tatu nne baada ya kila tuta. Ukikuta shokapu zenye kitufe cha kurekebisha, anza na namba ya kati, na badilisha hatua moja moja.

Ukinunua, dai namba ya spea na uithibitishe kwenye jedwali la mtengenezaji kwa mwaka na injini ya gari lako. Boksi zuri peke yake si ushahidi. Shokapu ya gesi huja imefungwa kwa mkanda. Ukiukata mbele ya muuzaji, mti wake, ile fimbo inayoingia na kutoka, unapaswa kujisukuma nje wenyewe, polepole na bila kukwama. Usipotoka, gesi haimo. Zile za sponji hazijisukumi, usizihukumu kwa kipimo hicho.

Kabla fundi hajafungua boliti

Gari la 2005 lina bushi, yaani raba za kwenye viungio, zilizochoka mahali fulani. Angalia bushi za mikono ya chini, boljointi, tairodi endi, bushi za reki ya stelingi na vilinki vya stabilaiza. Shokapu mpya juu ya bushi mbovu ni hela iliyopotea, na sehemu ya kucheza kwa usukani wako inaweza kuwa hapo.

Kisha kuna boliti za kurekebishia alaimenti kwenye mikono ya chini, zile zenye kichwa cha mviringo kisicho katikati. Zikikaa miaka mingi bila kuguswa zinaganda kwa kutu ndani ya bushi. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu siku tatu kabla, na jaribu kuzizungusha *kabla* ya kununua springi. Zikigoma, itabidi zikatwe na bushi zibadilishwe. Ukigundua hilo baada ya gari kupanda, utaendesha gari lisilo na alaimenti huku matairi yakiliwa upande mmoja.

Pima kimo sasa: kutoka katikati ya kikombe cha rimu hadi ukingo wa madigadi juu yake, pande zote nne, gari likiwa kwenye sakafu tambarare. Kipimo hiki hakitegemei upepo wala ukubwa wa tairi. Kiandike.

Kufunga

Koili ya mbele iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu. Itolewe kwa mashine ya kubania springi iliyo imara, kamwe si kwa kamba, waya au cheni. Kama seti inapatikana ikiwa tayari imeunganishwa, shokapu na koili na kishikio cha juu pamoja, gharama ya ziada ina haki yake.

Wakati mkono wa chini unaning'inia, mpira wa breki na waya wa ABS visivutike. Nyuma, ukifungua shokapu ekseli inashuka kwa uzito wake, kwa hiyo jeki iwe chini ya difu muda wote. Mpira wa breki na ule wa kupumulia difu ndio wa kwanza kukatika. Fimbo inayozuia ekseli ya nyuma isiende pembeni inachora duara, hivyo gari likipanda ekseli inasogea upande mmoja. Kwa milimita 40 au 50 ni milimita chache tu, uziache. Kama gari lako lina valvu ya breki ya nyuma inayovutwa na kijiti kilichoshika ekseli, kijiti hicho lazima kirekebishwe, la sivyo valvu itadhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu.

Sasa lile linalokosewa na gereji nyingi. Bushi ya raba imegandishwa ndani na nje kwenye vyuma viwili, haizunguki, inajisokota. Ukikaza boliti zake gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, raba inafungwa katika hali hiyo, na gari likishushwa inabaki imesokotwa daima. Inachanika ndani ya miezi, na kimo kinakuwa cha uongo kwa sababu bushi zinafanya kazi ya springi. Boliti zote za mikono na za shokapu za chini zishikwe kidogo tu, gari lishushwe, linesweneswe, lisukumwe mbele na nyuma, ndipo zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa viwango vya kitabu cha gari. Simama hapo gereji uone jambo hili likifanyika.

Alaimenti ifanyike siku ileile, kwa mashine inayosoma kasta (pembe ya mhimili wa usukani kuegemea nyuma) na kemba (gurudumu kuinamia ndani au nje), si mwelekeo wa tairi peke yake. Kupanda kunapunguza kasta, na kasta ikipungua gari linatangatanga kwenye lami na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Mwambie fundi atafute kasta kubwa kadiri boliti zinavyoruhusu, kemba ikiwa karibu na sifuri, na kasta ya kushoto na ya kulia zisipishane zaidi ya nusu nyuzi. Omba karatasi ya vipimo. Rekebisha na taa za mbele, kwani pua ikipanda utawapofusha wanaokuja. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa.

Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 springi zinakuwa zimejikalia. Pima kimo tena, rudia kukaza boliti, na uangalie alaimenti.

Njiani

Hata seti nzuri kuliko zote inahitaji msaada wa matairi. Kwenye mawimbi shusha upepo kutoka PSI 34 hadi 26 au 28 hivi, na mwendo usizidi kilomita 60 hadi 70. Ukirudi kwenye lami, jaza. Kila saa moja simama, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila shokapu bila kuigusa. Zote zinapaswa kuwa na moto, na kushoto iwe sawa na kulia. Ile iliyo baridi kati ya zenye moto ndiyo mbovu, kwa sababu haifanyi kazi. Ukungu mwembamba wa mafuta kwenye mti si tatizo. Mafuta yanayotiririka hadi chini na kushika vumbi ni mwisho wake.

Beba shokapu moja ya nyuma, bushi zake na boliti moja ya chini. Ya nyuma ikivunjika kishikio na huna ya kubadilisha, iondoe kabisa, maana ikibaki inaning'inia itatoboa mpira wa breki au tairi. Koili itakaa yenyewe mradi usiruke matuta wala kunyanyua gurudumu juu ya mwamba. Ya mbele usiiondoe hata ikifa, kwa kuwa ndiyo inayoishikilia koili. Teremka hadi kilomita 30 kwa saa na uende hivyo mpaka penye gereji.